Sindano za mgongo kwa maumivu ya kiuno: mwongozo wa mgonjwa wa Bukavu na jamaa zake

Mtu akisema mjini Bukavu kwamba amedungwa sindano ya mgongo, anayemsikiliza hawezi kujua ni ipi. Huenda ni ile ya kuchota maji ya uti wa mgongo kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, ambayo familia nyingi huiogopa kwa sababu ziliwahi kuona mtoto akifariki baada yake, ingawa aliyemuua ni ugonjwa na si sindano. Huenda ni ile ya ganzi anayopewa mama kabla ya kupasuliwa ili ajifungue. Huenda hata haikugusa mgongo, bali ilidungwa takoni kwenye farmasia ya mtaani kwa ajili ya mgongo. Mwongozo huu unahusu sindano ya nne, isiyofanana na hizo tatu: daktari huingiza sindano ndefu na nyembamba mpaka karibu na mshipa mmoja wa fahamu au kiungo kimoja cha kiuno, akaweka hapo dawa ya ganzi, mara nyingi pamoja na dawa ya jamii ya kotisoni, inayopoza uvimbe, kwa nia mbili zinazokwenda pamoja, yaani kujua maumivu yanatoka wapi na kuyapunguza.

Kazi yangu ni mazoezi ya tiba, kazi ambayo huku kwetu huitwa kine. Wengi ninaowapokea ni akina mama wabebaji wanaopandisha mizigo kutoka kando ya ziwa hadi Kadutu, gunia likiwa mgongoni na kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, pamoja na madereva wa pikipiki na mafundi wa ujenzi. Karibu wote huanza kwa maneno yaleyale: "Mugongo iko nanikata, inashuka mpaka mu mugulu." Wengine hufika wakiwa wameshauriwa sindano, wengine wakiwa wameshaipata bila kuelezwa ilikuwa ya nini. Nimeziandika hatua hizi kwa ajili yao, na kwa ajili ya mtoto, dada au mume ambaye ndiye atakayeuliza maswali pale mgonjwa atakapoingiwa na haya mbele ya daktari.

Hatua ya kwanza: tenganisha maumivu ya kiuno na maumivu ya mguu

Chukua daftari, chora umbo la mtu kwa nyuma na kwa mbele, kisha tia wino mahali panapouma, kutoka yanapoanzia hadi yanapoishia. Mchoro huo una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndio unaoamua kama sindano inafaa kufikiriwa.

Maumivu yanayobaki kiunoni, au yanayofika matakoni na mapajani bila kupita goti, kwa kawaida hutoka kwenye misuli, kwenye diski (mito laini iliyo kati ya pingili), kwenye viungo vidogo vinavyounganisha pingili kwa nyuma, au kwenye kiungo kilicho kati ya nyonga na mfupa wa sakramu, ulio chini ya kiuno. Maumivu yanayopita goti, yanayochoma kama umeme na kuambatana na ganzi au vidole kuwaka moto, mara nyingi ni ya mzizi wa mshipa wa fahamu uliobanwa, na ndiyo yanayoitwa siatika. Kiuno kina pingili 5, na diski zinazotokeza mara nyingi zaidi ni mbili za chini kabisa. Mzizi wa tano wa kiuno ukibanwa, maumivu hupita upande wa nje wa muundi mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Ukibanwa mzizi wa kwanza wa sakramu, hushuka nyuma ya shavu la mguu mpaka kisiginoni na kidole kidogo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwaka 2016, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, iliwaambia madaktari wasitoe sindano za uti wa mgongo kwa maumivu ya kiuno yasiyo na siatika, lakini ikaruhusu sindano ya epidura, yaani ya nafasi inayozunguka mfuko wa mishipa ya fahamu, ifikiriwe kwa mtu mwenye siatika kali iliyoanza karibuni. Kwa hiyo mtu ambaye wino wake wote umebaki kiunoni asikimbilie sindano.

Andika pia tarehe maumivu yalipoanza. Maumivu mengi ya kiuno hupoa ndani ya wiki sita hivi, na siatika nyingi hupungua ndani ya miezi mitatu, kwa kuwa sehemu ya diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe. Katika wiki hizo za mwanzo kinachosaidia ni kuendelea kutembea kadiri mwili unavyoruhusu, kuepuka kulala kitandani siku nzima, na kutumia dawa ya maumivu kwa kipimo alichoandika daktari. Sindano hufikiriwa mapema pale tu siatika inapomnyima mtu usingizi na hatua.

Hatua ya pili: hakikisha si ugonjwa mwingine

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole, kwa sababu kosa la hatua hii halirekebishiki kwa urahisi.

Baadhi ya dalili hazisubiri sindano wala miadi. Mtu akipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo ukigoma kutoka au ukivuja bila yeye kujua, au wayo wake ukianza kuburuta chini na udhaifu ukiongezeka siku hadi siku, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo inakuwa imebanwa, na huenda upasuaji wa haraka ukahitajika ili kuiokoa. Kila saa inayopotea njiani inapunguza matumaini ya kurudisha mkojo na miguu katika hali yake.

Dalili nyingine haziui leo, lakini zinakataza sindano mpaka zichunguzwe: homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda bila sababu, maumivu yanayozidi usiku na yasiyojali mtu amelala vipi, kuanguka au ajali, saratani ya titi, ya tezi dume au ya mlango wa kizazi iliyowahi kutibiwa, na maumivu ya kiuno yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50.

Katika mkoa wetu, ugonjwa ninaouogopa kuliko yote kwenye orodha hiyo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779, na hadi leo unaendelea kula pingili za watu taratibu, mara nyingi bila kikohozi chochote. Kotisoni hupunguza uvimbe na maumivu kwa muda, lakini pia hulegeza ulinzi wa mwili, hivyo mgonjwa hujisikia nafuu huku vijidudu vikipata nafasi. Niliwahi kuletewa mama aliyekuwa amedungwa sindano za takoni za deksamethazoni, ambayo ni kotisoni, na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa miezi kadhaa katika farmasia moja. Kila baada ya sindano alirudi kubeba mizigo, na kila mara maumivu yaliporudi yalikuwa yamepanda. Nilipopitisha kidole juu ya mstari wa pingili zake, kidole kilipanda kijinundu kidogo kigumu, kisha kikashuka. Shuka lake la usiku lilikuwa likilowa jasho tangu muda mrefu, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza. Picha ilionyesha pingili mbili zilizoliwa na kuinamiana. Ugonjwa huo una tiba, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu. Kilichomwumiza zaidi mama yule ni miezi iliyopita bila swali moja la jasho.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kukubali kotisoni ya aina yoyote, mgonjwa apimwe joto, apimwe uzito, aulizwe kuhusu jasho, kikohozi na watu wa nyumbani waliowahi kuugua kifua kikuu, na apigwe angalau picha ya radio (eksirei) ya kiuno pamoja na vipimo vya damu vya kuonyesha kama mwilini kuna uvimbe au maambukizi. Wafugaji na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa waseme hivyo, kwa kuwa ugonjwa wa brusela nao hushambulia pingili.

Kuhusu sindano za takoni, nina neno moja la ziada. Diklofenaki ikirudiwarudiwa huchubua tumbo na kuumiza figo, na ikiunganishwa na kotisoni hatari ya vidonda vya tumbo huongezeka. Tena sindano ikidungwa vibaya takoni inaweza kujeruhi mshipa uleule wa siatika ambao mgonjwa alikuja kuutibu.

Hatua ya tatu: ipe picha uzito wake, si zaidi

Picha ya radio huonyesha mifupa, haionyeshi diski wala mishipa ya fahamu. Skaneri huonyesha zaidi, na picha ya sumaku, ambayo huku tunaiita IRM, ndiyo inayoonyesha vizuri mzizi uliobanwa. Wengi husafiri kwa ajili yake na kulipa fedha nyingi, kisha hurudi na karatasi yenye maneno ya kutisha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski iliyochakaa kwenye karatasi yako inaweza kuwa kama mvi kichwani, dalili ya umri na si chanzo cha maumivu. Picha ni ya maana inapokubaliana na ule mchoro wa wino. Zisipokubaliana, au picha ikionyesha mahali patatu panapoweza kuuma, hapo ndipo sindano ya uchunguzi inapopata kazi.

Hatua ya nne: fahamu kila sindano inauliza nini

Wazo lenyewe ni jepesi. Daktari akiitia ganzi sehemu moja tu na maumivu yakaondoka kwa saa chache, sehemu ile imeshukiwa kwa haki. Maumivu yasipobadilika, mshukiwa atafutwe kwingine. Dawa ya ganzi ndiyo inayojibu swali. Kotisoni, ikiwekwa, ni kwa ajili ya nafuu ya baadaye, kwa kupoza uvimbe unaozunguka mshipa.

Sindano ya epidura huweka dawa katika nafasi inayozunguka mfuko wa mishipa ya fahamu. Inaweza kupitia katikati ya pingili mbili, kupitia tundu ambalo mzizi hutokea pembeni, au kupitia uwazi wa chini ya sakramu, karibu na kifandugu. Njia hiyo ya chini ndiyo kongwe: madaktari wawili wa Ufaransa, Sicard na Cathelin, waliieleza mwaka 1901, wakitumia kokaini kama ganzi, na kotisoni iliongezwa miaka ya 1950. Sindano ya tundu la pembeni, ikiwa na dawa kidogo sana, inaweza kulenga mzizi mmoja, na hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa uchunguzi wa siatika.

Kwa maumivu ya kiuno yasiyoshuka, daktari anaweza kutia ganzi vijishipa vinavyopeleka habari kutoka kwenye viungo vidogo vya nyuma vya pingili, kwa kipimo kisichofika hata mililita moja kwa kila kijishipa. Jibu likiwa ndiyo mara mbili, katika siku mbili tofauti, mgonjwa anaweza kupendekezewa kuchomwa vijishipa hivyo kwa joto la mawimbi ya redio, tiba inayoweza kutoa nafuu ya miezi mingi kabla vijishipa havijaota upya. Mara mbili zinahitajika kwa sababu tafiti zimeonyesha kuwa robo, na pengine zaidi, ya wanaoitikia sindano ya kwanza hawaitikii vivyo hivyo ya pili. Mwili na matumaini vina nguvu zake. Kiungo cha nyonga na sakramu nacho hupimwa kwa njia hiyohiyo. Kudunga ndani ya diski ili kuona kama inauma kunabishaniwa sana na kunaweza kuiumiza diski, nami simshauri mtu akubali bila maelezo marefu.

Watu huniuliza: je, sindano haitachoma uti wenyewe nikapooza? Kwa mtu mzima, ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna nyuzi za mishipa zinazoelea kama nywele ndani ya maji, nazo kwa kawaida husogea sindano inapokuja. Hata hivyo hatari ndogo ipo, na haistahili kufichwa. Mnamo Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kotisoni inayodungwa katika nafasi ya epidura imewahi, kwa nadra, kusababisha upofu, kiharusi, kupooza na kifo. Sababu moja inayojulikana ni dawa yenye chembechembe kuingia katika mshipa mdogo wa damu unaolisha ugwe na kuuziba. Ndiyo maana katika njia ya tundu la pembeni madaktari wengi huchagua deksamethazoni, isiyo na chembechembe, badala ya methilipredinisoloni au triamsinoloni.

Hatua ya tano: yatakayosemwa na kuulizwa kabla ya siku yenyewe

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, na ikiwezekana zibebe ndani ya mfuko uziweke mezani. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama varifarini, na klopidogreli hutakiwa kusimamishwa siku kadhaa kabla, lakini aamue daktari aliyekuandikia, usizisimamishe mwenyewe. Mwenye kisukari aseme, kwa sababu kotisoni hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na sukari ikiwa tayari iko juu sindano isubiri. Mwenye shinikizo la damu aseme pia. Mama anayeweza kuwa mjamzito apimwe kwanza, kwa ajili ya miali ya picha. Mwenye homa, jipu au kidonda mahali pa kudungia arudi nyumbani mpaka apone.

Jambo linalosahauliwa karibu kila mara ni dawa za kupunguza makali ya VVU. Zile zenye ritonaviri huzuia mwili kuivunja kotisoni, hasa triamsinoloni, hata dozi moja ikakaa mwilini kwa wiki nyingi, uso ukavimba na tezi za juu ya figo zikalala. Mgonjwa anayeona haya kusema mbele ya jamaa aombe dakika mbili za faragha na daktari. Asiache dawa zake za kila siku. Daktari ndiye atakayebadilisha sindano.

Kisha uliza, kwa heshima lakini bila kuogopa. Je, daktari, utatumia mashine ya picha wakati wa kudunga? Tafiti za zamani zilionyesha kuwa sindano ya chini ya sakramu isiyoongozwa na picha hukosa mahali karibu mara moja katika kila nne, hata mikononi mwa wazoefu, na kwa mizizi na vijishipa vidogo kudunga bila picha hakuna maana ya uchunguzi kabisa. Umewahi kuzifanya nyingi? Ni dawa gani, na kipimo gani? Je, kichupa kinafunguliwa kwa ajili yangu peke yangu? Swali hilo la mwisho lina sababu. Mwaka 2012, nchini Marekani, kotisoni iliyochafuliwa na kuvu kwenye kiwanda kimoja iliwaambukiza zaidi ya watu 750, na zaidi ya 60 wakafariki. Ikiwa ilitokea huko, sisi hatuna ruhusa ya kuwa wazembe.

Ikiwa hospitali uliyofika haina mashine hiyo wala daktari aliyefundishwa kazi hii, omba barua ya transfere kwenda hospitali kubwa zaidi, ndani ya mji au ng'ambo ya mto Rusizi, nchini Rwanda. Kusubiri mwezi mmoja kwa ajili ya sindano iliyofika mahali pake ni bora kuliko kuipata kesho ikaishia kwenye misuli. Uliza pia gharama yote kwa pamoja, yaani konsultasyo, picha, dawa na chumba, ili usifike ukakosa nusu yake.

Hatua ya sita: siku ya sindano

Asubuhi usimeze dawa ya maumivu ikiwa lengo ni uchunguzi, isipokuwa daktari amesema vinginevyo, kwani mtu aliyekwisha kupoza maumivu hawezi kujibu swali. Kwa sababu hiyohiyo haifai kupewa dawa nzito ya usingizi. Fanya kile kinachokuumiza kabla ya kuingia: panda ngazi, inama, keti dakika kumi, kisha andika kiwango cha maumivu.

Utalala kifudifudi, mto ukiwa chini ya tumbo. Ngozi itasafishwa mara kadhaa na kufunikwa kwa kitambaa safi, kisha utasikia sindano ndogo ya ganzi ya ngozi ikichoma kama kung'atwa na siafu. Baada ya hapo husikii uchungu mkali, bali msukumo. Daktari hutazama kioo, husogeza sindano kidogo, hudunga tone la dawa inayoonekana kwenye picha ili aone inavyosambaa, na akiridhika ndipo huweka dawa yenyewe. Ukisikia umeme ukishuka mguuni, sema "mguuni!" kwa sauti, wala usiruke. Kazi yote kwa kawaida haizidi nusu saa. Utabaki ukiangaliwa kwa muda, na mguu unaweza kuwa mzito kwa saa chache, hivyo usiteremke ngazi bila kushikwa na usirudi nyumbani kwa pikipiki kwenye barabara zetu za mashimo. Jamaa akodi taksi.

Hatua ya saba: saa sita za daftari

Sindano nyingi za uchunguzi hupotea bure hapa, kwa sababu mgonjwa huulizwa baada ya wiki tatu kama ilisaidia, naye hujibu "kidogo". Jibu la kweli liko katika saa sita za kwanza. Lidokaini, mojawapo ya dawa za ganzi, huanza kufanya kazi kwa dakika chache na huisha kwa saa moja au mbili. Bupivakaini, ganzi nyingine, huchelewa kidogo lakini huenda saa kadhaa. Kila nusu saa, rudia kile kinachokuumiza, kwa uangalifu, kisha andika namba kutoka 0 hadi 10, ukitenga kiuno na mguu.

Mama mmoja mbebaji niliyemsindikiza hakujua kuandika. Tulimpa bakuli na mbegu kumi za maharage. Kila mara binti yake alipomwuliza, alitia ndani ya bakuli mbegu kadiri ya maumivu, na binti, aliyekuwa darasa la sita, akahesabu na kuandika saa na idadi. Kabla ya sindano ya mzizi wa kwanza wa sakramu, mguu ulikuwa na mbegu nane. Nusu saa baadaye aliweka moja. Akaitazama, akaiondoa, akairudisha. Saa nane mchana ziliongezeka kuwa tatu, na jioni zilirudi saba. Kiuno chenyewe kilibaki na mbegu nne siku nzima. Karatasi ile ilimwambia daktari mambo mawili ambayo picha haikuyasema: mguu ulitoka kwenye mzizi ule, na kiuno kilikuwa na chanzo chake kingine.

Kwa kawaida nafuu ya angalau nusu, na madaktari wengine hudai asilimia 80, ndiyo huhesabiwa kuwa jibu la ndiyo, mradi ije na kuondoka kwa muda unaolingana na dawa ya ganzi. Maumivu yasipopungua hata kidogo, usihuzunike kana kwamba umepoteza fedha. Jibu la hapana linaweza kukuepusha na upasuaji wa diski isiyo na hatia.

Hatua ya nane: siku na wiki zinazofuata

Usishangae maumivu yakirudi usiku wa kwanza, hata yakiwa makali zaidi kwa siku moja au mbili. Kotisoni huanza kufanya kazi baada ya siku mbili tatu, wakati mwingine wiki. Uso unaweza kuwa mwekundu na wenye joto, na usingizi ukapungua kwa usiku mmoja au miwili. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kwa wiki nzima.

Rudi hospitali bila kusubiri miadi ukipata homa, maumivu ya kiuno yanayoongezeka siku hadi siku, udhaifu mpya wa mguu, mkojo kugoma, au kichwa kinachouma sana ukiketi na kupoa ukilala. Kichwa cha namna hiyo kinaonyesha kuwa mfuko wa maji umetobolewa. Kwa kawaida hupona, lakini daktari ajue. Maambukizi yanaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo ikitokea homa taja sindano hiyo, usikubali moja kwa moja kuambiwa ni malaria tu.

Hatua ya tisa: itumie nafuu, na ujue kiasi

Nafuu ya kotisoni ni ya wiki kadhaa, pengine miezi michache, na haikazi msuli wala haipunguzi uzito wa gunia. Ni muda wa kufanya mazoezi ambayo maumivu yalikuwa yakiyazuia. Naanza na kutembea dakika kumi mara mbili kwa siku, kisha kuinua kiuno ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, kisha kusimama kutoka kwenye kigoda bila kujishika, na kuongeza kila wiki. Najua kumwambia mama anayekula alichobeba leo aache kubeba ni maneno matupu. Ninachomwomba ni kugawa mzigo mmoja kuwa safari mbili kwa wiki sita za kwanza, kuwekewa mzigo juu ya ukuta mdogo badala ya kuunyanyua kutoka chini, na familia kuchangia pengo la mapato kama wanavyochangia dawa.

Sindano ya kwanza isipoleta nafuu yoyote, usikubali mfululizo wa tatu uliopangwa mapema. Ikileta nafuu nzuri, inaweza kurudiwa, lakini madaktari wengi hawazidishi tatu au nne kwa mwaka, kwa kuwa kotisoni hujumlika katika mifupa na tezi. Kwa maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, jopo la kimataifa lililoandika katika jarida la BMJ mwaka 2025 lilishauri kwa nguvu dhidi ya nyingi za tiba hizi, likiona faida yake ni ndogo au haipo. Wapo madaktari wa maumivu wanaolipinga, na mjadala haujakwisha. Mimi binafsi naiona sindano ya kotisoni kuwa na nafasi nyembamba, kwa siatika kali ya miezi ya mwanzo. Mwenye siatika isiyopoa, mguu unaozidi kulegea na picha inayokubaliana na mchoro wake akutane na daktari wa upasuaji mapema.

Kabla hujatoka hospitali omba karatasi moja yenye tarehe, upande na pingili iliyodungwa, jina la dawa ya ganzi na la kotisoni, vipimo vyake, na kama mashine ya picha ilitumika. Ibandike ndani ya daftari, karibu na zile namba za saa sita. Ukienda kwa daktari mwingine, awe wa Ibanda au wa Kigali, fungua ukurasa huo kabla hajaagiza sindano nyingine.